Picha ya shambani ina maandishi ndani yake: Yasome kabla ya kudai fidia

WAKULIMA wengi wa Afrika Mashariki sasa hutembea shambani na kamera mfukoni. Mahindi yakilazwa na mvua ya mawe, hupigwa picha. Parachichi likimfikia mnunuzi likiwa na michubuko, hupigwa picha. Majani ya muhogo yakianza kubadilika rangi, picha hupigwa na kutumwa kwa bwana shamba ambaye pengine yuko umbali wa kilomita 40.

Kwa hali hiyo picha imekuwa karatasi ya biashara, sawa na stakabadhi ya ghala au hati ya mauzo. Tofauti ni kwamba stakabadhi husomwa mstari kwa mstari kabla ya kutiwa saini, wakati picha hutazamwa tu.

Wachache wanafahamu kwamba ndani ya faili la picha ya dijitali kuna maandishi ambayo kamera yenyewe huyaandika wakati inapopiga. Maandishi hayo hueleza saa, mahali, aina ya kamera, na jinsi kamera ilivyojipanga kupokea mwanga. Anayejua kuyasoma anaweza kubaini kama picha inalingana na maelezo ya aliyeituma.

Kwa mkulima, jambo hili lina thamani ya fedha. Madai ya fidia yanaweza kukwama, na bei ya mzigo ikashushwa, kwa sababu tu picha iliyoletwa haina maelezo ya kuitegemeza.

Maandishi hayo ni yapi?

Mfumo unaotumika zaidi kuandika taarifa hizo unaitwa Exif. Ulitolewa nchini Japani mwaka 1995 na chama cha viwanda vya elektroniki vya nchi hiyo, ili kamera za kampuni mbalimbali ziweze kuandika taarifa za picha kwa utaratibu mmoja. Hadi leo simu na kamera nyingi zinautumia.

Kuyaona maandishi hayo si kazi ngumu. Katika simu nyingi, fungua picha, kisha isukume juu kwa kidole au gusa alama ya maelezo. Kwenye kompyuta ya Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili, fungua sifa za faili, kisha nenda kwenye ukurasa wa maelezo. Anayetaka kuona kila mstari anaweza kutumia programu ya bure ya ExifTool, iliyotungwa na Phil Harvey na kuanza kupatikana mwaka 2003.

Mistari muhimu kwa mkulima ni michache. Upo wa tarehe na saa, upo wa muda ambao kamera ilifungua jicho lake, upo wa uwazi wa lenzi, na upo wa ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Ipo pia ya urefu wa lenzi, flashi, na mahali kwa vipimo vya GPS.

Gharama ya kutoaminiana

Ili kuona kwa nini mistari hiyo ina thamani, ni vyema kuangalia hesabu ya bima ya mazao.

Tuseme mkulima wa eka mbili za mahindi amekata bima ya Sh 800,000 kwa ada ya asilimia 8. Ada yake ni Sh 64,000. Akipata hasara, mkaguzi akisafiri kutoka mjini kwenda kijijini, akalipwa nauli, posho na siku ya kazi, gharama ya safari moja inaweza kuimeza ada yote.

Hii ni sababu mojawapo ya kampuni za bima kutowakimbilia wakulima wadogo. Njia mbadala imekuwa bima inayofuata kipimo cha mvua au picha za setilaiti, ambayo hailazimu mkaguzi kufika shambani. Lakini nayo ina tatizo lake: kipimo kinaweza kuonyesha kuwa mvua ilitosha katika eneo zima, wakati shamba moja limeangamizwa na mawe au upepo.

Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Sera za Chakula, IFPRI, imejaribu njia ya tatu. Ilianza na wakulima wa ngano katika majimbo ya Punjab na Haryana nchini India, kisha ikaja Kenya kwa kushirikiana na kampuni ya ACRE Africa. Katika mpango huo, shamba hupigwa picha kwa simu mara kadhaa msimu mzima, kutoka sehemu ileile. Programu ya simu humwonyesha mpigaji kivuli cha picha ya kwanza ili ailinganishe na anachokiona. Hasara ikitokea, wataalamu huangalia mfululizo wa picha hizo.

Umoja wa Ulaya nao, kuanzia mwaka 2018, uliruhusu picha zenye vipimo vya mahali kutumika katika ukaguzi wa mashamba yanayopata ruzuku.

Katika mipango hiyo yote, kinachonunuliwa ni uaminifu. Picha inaweza kupunguza gharama ya safari, ikiwa anayeipokea anaweza kujua ilipigwa lini, wapi, na katika hali gani.

Mwanga hauna undugu

Kati ya maandishi yote, yanayosahaulika zaidi ni yale ya mwanga. Muda wa kufungua, uwazi wa lenzi na ISO vikisomwa pamoja huonyesha ni mwanga kiasi gani ulikuwapo mahali picha ilipopigwa.

Wapiga picha wana kanuni ya zamani. Juani kabisa, uwazi wa lenzi ukiwa f/16, muda unaofaa ni sekunde moja ikigawanywa kwa namba ya ISO. ISO ikiwa 100, muda ni takriban 1/100 ya sekunde.

Lenzi za simu huwa wazi zaidi, mara nyingi karibu na f/2. Msomaji akumbuke kuwa namba ya f ikipungua, uwazi unaongezeka. Kutoka f/16 hadi f/2 mwanga unaoingia huongezeka mara 64. Kwa hiyo simu ya f/2 yenye ISO 50, katika jua kali, inapaswa kupiga kwa takriban 1/3200 ya sekunde. Mawingu yakitanda, muda huo utarefuka hadi 1/800 au 1/400.

Sasa tuchukue picha mbili za mahindi yaliyoanguka, zote zikidaiwa kupigwa shambani saa nane mchana. Ya kwanza imeandikwa f/2, ISO 50, 1/800. Hesabu inaonyesha mwanga wa robo ya jua kali, yaani anga yenye mawingu. Kwa shamba lililotoka kunyeshewa, hilo linaingia akilini.

Ya pili imeandikwa f/2, ISO 1600, 1/20. Mwanga wa jua kali ni zaidi ya mara 5,000 ya mwanga huo. Hakuna wingu la mchana linaloweza kuleta giza la namna hiyo. Ama picha ilipigwa ndani ya nyumba, ama jioni sana, au ni picha ya picha nyingine iliyokuwa kwenye kioo au karatasi ndani ya chumba.

Flashi nayo ina mstari wake. Programu nyingine huonyesha namba tupu badala ya maneno, na kanuni yake ni rahisi: namba isiyogawanyika kwa mbili, kama 1 au 25, maana yake flashi iliwaka. Namba 0, 16 au 24 maana yake haikuwaka. Flashi iliyowaka mchana peupe inastahili kuulizwa, ingawa wapo wanaoiwasha ili kuondoa kivuli chini ya majani.

Hata hivyo, hesabu hii ni ya kukadiria. Simu za kisasa huunganisha picha kadhaa kuwa moja, na namba zinazoandikwa huenda zikawakilisha sehemu tu ya kazi hiyo. Tofauti ya mara mbili au tatu si hoja. Tofauti ya mara elfu kadhaa ndiyo hoja.

Bwana shamba anapodanganywa na kamera

Namba hizohizo humsaidia ofisa ugani anayetambua ugonjwa kwa kuangalia picha. Penye mwanga hafifu, kamera hupandisha ISO, na picha hupata chenga ndogondogo. Ofisa akiona vidoa katika jani lililopigwa kwa ISO 3200, aombe picha nyingine ya mchana kabla ya kumwambia mkulima akanunue dawa.

Muda mrefu nao huleta ukungu. Kwa 1/15 ya sekunde, mkono unaotetemeka au jani linalopeperushwa na upepo hutosha kufuta alama ambazo mtaalamu alizihitaji.

Rangi ni mtego mwingine. Mahindi yaliyokosa naitrojeni huanza kuwa ya manjano kwenye majani ya chini, kuanzia ncha na kufuata mshipa wa katikati. Lakini mwanga wa jioni una manjano, na kivuli kina ubuluu. Kamera hujaribu kusahihisha yenyewe, na mstari wa uwiano wa rangi huonyesha kama ilifanya hivyo au kama mtu aliipanga kwa mkono. Mstari huo hauelezi kama usahihishaji ulifanikiwa. Dawa yake ni kuweka karatasi nyeupe pembeni ya jani wakati wa kupiga, ili mtazamaji awe na cheupe cha kulinganishia.

Kwa upande wa soko, mstari wa kuangalia ni urefu wa lenzi. Lenzi kuu za simu nyingi huonyesha eneo pana, na kitu kilicho karibu nazo huonekana kikubwa kupita kiasi. Nanasi lililoshikwa mbele ya lenzi litaonekana kubwa kuliko mtu aliyesimama hatua chache nyuma yake. Mnunuzi akiona lenzi ya upana zaidi imetumika, aombe tunda lipigwe pamoja na rula au kizibo cha soda.

Saa tatu za tofauti

Tarehe ndani ya picha huandikwa kuanzia mwaka, kwa mfano 2024:03:15 14:05:22. Maana yake ni Machi 15, 2024, saa nane na dakika tano mchana. Ni saa iliyokuwa kwenye simu au kamera wakati huo, hivyo saa ikiwa imekosewa, picha itakosea pia. Kamera iliyokaa bila betri kwa muda mrefu inaweza kurudi kwenye tarehe ya kiwandani na kuandika mwaka uliopita zamani.

Kuna njia ya kuihakiki. Pale GPS inapokuwa imewashwa, vifaa vingi huandika pia saa ya setilaiti, ambayo ni saa ya dunia na haifuati saa ya simu. Afrika Mashariki iko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Simu ikisema 14:05, mstari wa GPS unapaswa kusema 11:05 au dakika zilizo karibu nazo. Tarehe hizo mbili zikipishana kwa siku nne, mwenye picha atakuwa na maswali ya kujibu.

Vipimo vya mahali huandikwa kwa nyuzi, dakika na sekunde, pamoja na herufi ya upande wa dunia. Herufi hiyo ndogo imeshasumbua watu wengi. Mji wa Moshi uko karibu nyuzi 3 na dakika 21 kusini ya ikweta, na nyuzi 37 na dakika 20 mashariki. Kwa desimali ni 3.35 na 37.33. Anayenakili namba hizo bila alama ya kusini atalihamisha shamba la kahawa la Moshi hadi eneo kame la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, zaidi ya kilomita 700 kutoka lilipo.

Usahihi nao una mpaka. Chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Chini ya migomba na miti mirefu hukosea zaidi. Shamba la nusu eka lenye umbo la mraba lina upande wa mita 45 tu. Kipimo kimoja kinatosha kuonyesha kuwa mkulima alikuwa kijijini kwake, lakini hakitoshi kumaliza mgogoro wa mpaka na jirani.

Picha ikipita WhatsApp

Sehemu kubwa ya picha za wakulima hutumwa kwa WhatsApp. Hapo ndipo mali hupotea. Picha inapotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, na maandishi ya Exif huondolewa. Mpokeaji hupata sura ya shamba bila saa, bila mahali na bila namba za mwanga.

Mkulima anayeishia kufuta picha halisi ili kupata nafasi kwenye simu, akabaki na ile iliyotumwa, amejinyima ushahidi wake mwenyewe. Anayetaka maandishi yafike salama aitume picha kama hati au nyaraka, au aiambatanishe kwenye barua pepe.

Picha za kuonyesha skrini nazo ni hivyohivyo. Zinabeba taarifa za skrini, si za shamba.

Ni shahidi, si hakimu

Itakuwa kosa kuamini kuwa maandishi haya hayawezi kuguswa. Programu zilezile zinazoyasoma zinaweza kuyabadilisha, ikiwemo tarehe na mahali. Mwaka 2021 kampuni kadhaa, zikiwemo Adobe na Microsoft, zilianzisha umoja uitwao C2PA ili kuweka saini ya kidijitali itakayoonyesha picha imetoka wapi na imebadilishwa vipi. Simu nyingi zilizo mikononi mwa wakulima hazina uwezo huo.

Nguvu ya maandishi iko katika kulingana kwake. Anayeghushi tarehe anaweza kusahau saa ya GPS. Anayebadilisha vyote viwili anaweza kusahau namba za mwanga. Baadhi ya mafaili hubaki pia na kijipicha kidogo cha awali kinachoonyesha kilichokuwapo kabla ya kukatwa, na mstari wa programu unaotaja ilikohaririwa. Kisha kuna mambo yaliyo nje ya picha: kumbukumbu za mvua, setilaiti, na majirani.

Sheria nazo zinatazama hivyo. Nchini Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaielekeza mahakama kuangalia jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na jinsi uzima wake ulivyolindwa. Mkulima aliyetunza faili halisi ana jibu la swali hilo. Aliyebaki na nakala iliyopita kwenye makundi matatu ya WhatsApp hana.

Ni vyema pia wakaguzi wakumbuke kuwa kukosekana kwa maandishi si ushahidi wa udanganyifu. Mara nyingi ni matokeo ya simu ya bei nafuu, GPS iliyozimwa kutunza chaji, au njia ya kutuma. Kumnyima mkulima fidia kwa sababu hiyo pekee ni kumwadhibu kwa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha.

Siri ya shamba

Maandishi yanayomlinda mkulima yanaweza pia kumfichua. Desemba 2012, mfanyabiashara wa programu za kompyuta John McAfee, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize kwa mahojiano, aligundulika kuwa Guatemala baada ya jarida la Vice kuchapisha picha yake ikiwa bado na vipimo vya GPS.

Mkulima wa vanila au mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayetuma picha halisi kwa mtu asiyemfahamu anampa ramani ya kufika zizini. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zipo, Kenya na Uganda tangu mwaka 2019 na Tanzania tangu mwaka 2022, lakini sheria hufika baada ya mwizi. Kwa matangazo ya biashara, nakala iliyoondolewa maandishi ndiyo inayofaa. Faili halisi libaki kwa mkulima, na liende kwa mwenye bima, ofisa ugani au mnunuzi aliyesainiana naye mkataba.

Hatua za kuchukua

Mkulima anaweza kuanza msimu huu bila kununua kifaa chochote. Ahakikishe tarehe na saa ya simu ni sahihi, awashe mahali kwenye kamera, na asubiri dakika moja nje ili GPS ijipange. Apige picha shamba likiwa zima, kutoka pembe moja, kisha arudie palepale kila hatua ya ukuaji. Hasara ikitokea, apige mchana, bila flashi na bila zumu, picha moja ya shamba lote na nyingine za karibu zenye karatasi nyeupe na rula.

Baada ya hapo mafaili yahamishiwe kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta ya chama bila kuhaririwa. Vyama vya ushirika vingesaidia sana kwa kuwa na mtu mmoja anayejua kuyasoma na kuyatunza, kama wanavyokuwa na mtunza mizani.

Kampuni za bima na wanunuzi wana wajibu wao: waseme mapema, kwa maandishi, ni taarifa zipi wanazihitaji ndani ya picha na zitumwe kwa njia gani. Mkulima akiambiwa masharti siku ya kudai fidia, mvua ya mawe imeshapita na mahindi yameshaoza.